Gari inalia kwikwi kwenye matuta: bushi nilivyozishughulikia mwenyewe nyumbani

Kuna watu wanaweza kuendesha gari inayolia mwaka mzima wasishtuke, mi siwezi aisee. Gari yangu ni Mark II ile GX110, Grande kama wengi wanavyoiita, injini ya 1G silinda sita cc 1988, na nakaa Goba ndani huko, hapa Dar, lami unaiacha alafu unaanza kupanda na kushuka kwenye vumbi na mifereji iliyochimbwa na mvua. Sasa mbele ikaanza kulia. Ukipanda tuta kwiii, ukishuka tuta kwiii, ukiingia getini tairi moja ikiwa juu nyingine chini ndo usiseme, kama kitanda cha chuma cha bweni. Na ubaya wake ukikimbia husikii kitu, inasubiri utembee polepole mbele ya kijiwe cha bodaboda ndo itoe sauti yake yote.

Nikapitisha gereji moja. Fundi hakuingia hata chini, akabonyeza boneti kidogo akasema bosi hapa shokapu zimekufa, boljointi hazina maisha, stebilaiza linki zote mbili, na mikono ya chini yote (kwa asiyejua: boljointi ni kiungo cha duara kinachoshika tairi, stebilaiza ni mti wa chuma unaounganisha tairi ya kulia na ya kushoto na linki ndo viungo vyake, mikono ya chini ni vyuma vinavyoshika tairi kwenye bodi). Nikamuuliza sasa fundi, kati ya hizo ipi ndo inalia? Akanijibu zote bosi, hivi vitu vinaenda pamoja. Sikubishana naye, nikamwambia nakuja, nikawasha gari nikarudi nyumbani. Sio kwamba mafundi ni wezi, wapo wazuri sana na baadae utaona kuna kazi nilimpelekea fundi mwenyewe kwa miguu yangu, ila mtu akikutajia karibu nusu ya miguu ya gari bila kuingiza kichwa chini, maana yake anataka abadilishe mpaka kelele iishe, na kila kinachobadilishwa ni hela yako.

Kiukweli kwenye hii kazi kufungua nati ndo sehemu rahisi. Ngumu ni kujua bushi ipi hasa inalia, yaani raba ipi kati ya zile zinazokaa katikati ya vyuma vya chini ya gari, na hapo hauhitaji spana, unahitaji masikio na subira.

Sauti zenyewe zinatofautiana, na ukizizoea zinakupunguzia utafutaji. Kwikwi ya kunyoosha, ile inayofuata mwendo wa gari kupanda na kushuka, mara nyingi ni raba inasuguana na chuma. Ko-ko-ko kavu kwenye rasta ndogondogo hiyo ni kitu kimelegea, stebilaiza linki au boljointi imekula. Du moja nzito ukiingia shimoni, angalia shokapu na maunti zake, yaani vishikizo vyake vya juu. Na kama inalia ukiwa umesimama unazungusha usukani tu, bodi haipandi wala haishuki, basi achana kwanza na bushi za stebilaiza, tafuta kwenye boljointi na tairodi, zile fimbo za usukani. Boljointi kavu nayo inalia kwikwi karibu sawa kabisa na bushi, ndo maana watu wengi wanapotea hapo.

Dalili kubwa alinipa mke wangu bila kujua. Masika ilikuwa imechanganya, tumetoka asubuhi barabara yote tope, akaniambia mbona leo gari yako imenyamaza? Nikakaa kimya nikifikiria. Shokapu iliyokufa haiponi kwa mvua, linki iliyolegea haiponi kwa mvua, boljointi ina kofia yake ya raba maji hayaingii kirahisi. Kinachonyamaza kikilowa ni raba iliyo wazi inayojisugua juu ya chuma, maana maji yanaitelezesha. Na kweli jua lilipowaka wiki nzima vumbi likarudi na kelele ikarudi nayo.

Hiyo ndo ikanipa wazo la kutumia maji kama kipimo. Nikachukua chupa ya kupulizia maji, zile za saluni, nikaweka maji matupu. Dogo wa nyumbani akakaa mbele anasukuma gari chini kwenye kona, juu ya taa pale kwenye bodi ngumu, usisukume katikati ya boneti itabonyea bure. Mi nikawa napulizia sehemu moja tu, tunasubiri maji yaingie, tunasukuma tena. Siri ni moja moja. Ukimwagia maji chini kote kelele itaisha na utakuwa hujajua kitu. Na maji hayaharibu chochote, yakikauka mambo yanarudi yalivyokuwa, ndo uzuri wake kuliko kuanza na mafuta.

Pamoja na maji nikatumia kipande cha mpira wa bomba la kumwagilia bustani, upande mmoja sikioni, mwingine nausogeza karibu na kila bushi wakati dogo anasukuma. Aisee tofauti ni kubwa. Ukiwa umesimama pembeni unasikia kelele inatoka "mbele huko", chuma kinabeba sauti kinaipeleka kila mahali, unaweza kuapa ni kulia kumbe ni kushoto. Kwenye mpira unasikia kabisa hii hapa. Kuna wanaoshika na mkono pia, bushi inayolia unaisikia inatetemeka kwenye vidole, ila hapo uwe makini vidole visiwe katikati ya vitu vinavyokutana.

Jibu likaja: bushi za stebilaiza za mbele, zote mbili, ya kushoto imezidi. Kwa GX110 ziko mahali pazuri, ule mti wa stebilaiza unapita kwa mbele chini, kila upande umeshikwa na kibano cha bati chenye bolti mbili na raba ndani yake. Kuna gari nyingine, hizi Corolla na ndugu zake zenye injini ya kulala, yaani imekaa kwa upana wa gari, vibano vimekaa juu ya krosimemba, kile chuma kinachokatiza chini ya injini, na mkono haufiki, hapo kazi inabadilika kabisa na mtu asikudanganye kuwa ni rahisi.

Sasa ngoja niseme kidogo kuhusu bushi zenyewe maana bila hii unaweza ukaharibu. Chini ya gari kuna bushi za namna mbili na hazitibiwi sawa. Kuna ya stebilaiza, raba yenye tundu na mpasuko, mti wa chuma unapita katikati, na kwenye gari nyingi za umri huu raba haijagandishwa na mti. Gari ikicheza mti unajizungusha kidogo ndani ya raba. Vumbi likiingia pale katikati, au mti ukishika kutu, au raba ikakauka, ndo kwikwi. Alafu kuna ya mkono wa chini, hii ina bomba la chuma ndani, bomba la chuma nje, na raba katikati imegandishwa na vyote viwili kiwandani. Hii haitelezi. Bolti ikishakazwa bomba la ndani halizunguki, kinachocheza ni raba yenyewe inajinyonga kwenda na kurudi. Kwahiyo hii ikianza kulia maana yake raba imeshachanika au imebanduka kwenye chuma, na hapo hakuna cha kupaka kitakachoigandisha tena, ni kubadilisha.

Hapo ndo naingia kwenye grisi. Jirani yangu mzee mmoja mstaarabu sana alinikuta nimelala chini, baada ya shikamoo na marahaba akaniambia kijana wangu unahangaika nini, paka grisi hapo yaishe, Noah yangu ilipakwa gereji ikanyamaza siku hiyohiyo. Nikamwambia mzee wangu, naomba tukaiangalie hiyo Noah. Tukachungulia na tochi. Bushi zilikuwa zimevimba zimetoka nje ya vibano, ukigusa zinanata mkono unabaki mweusi, na ukitikisa mti unacheza. Grisi ya kawaida ile ya kopo inayotumika kwenye beringi imetengenezwa na mafuta yatokanayo na mafuta ghafi, na raba ya asili inayanywa, inavimba, inalainika, alafu inameguka. Kelele inaisha kweli kwa muda, hilo mzee hakudanganya, ila raba nayo inaisha. Zile dawa za kupulizia za kulegeza kutu ni mambo hayohayo, siku chache kimya alafu inarudi, maana yanayofanya kazi pale ni mafuta mepesi yanayokauka, na vumbi limeshapata pa kunasa.

Kwa sababu hiyohiyo angalia na juu. Gari zetu hizi zina umri, pawa stiaringi inavuja, oili ya injini inavuja kwenye kava, inadondoka taratibu juu ya bushi miaka yote na mtu haoni. Kwangu mpira wa pawa ulikuwa unatoa jasho upande wa kushoto, na ndo upande ulioliwa zaidi. Nikaubadilisha kwanza, maana kuweka raba mpya chini ya oili inayodondoka ni kazi bure.

Spea nilifuata Gerezani Kariakoo. Ushauri wangu nenda na namba ya chesisi, na kama unaweza nenda na bushi ya zamani mkononi, maana gari ya jina moja inaweza kuwa na mti mnene au mwembamba kutegemea toleo, na bushi yenye tundu kubwa kwa nusu milimita tu itaanza kugonga, yenye tundu dogo itabana mti na kulia upya. Kama huwezi kuifungua kwanza, pima unene wa mti kwa venia, kile kipimo cha kubana, na upime pale pasafi sio penye kutu. Kwa Toyota bushi ya stebilaiza ya mbele namba yake inaanza na 48815, linki inaanza na 48820, mkono wa chini wa kulia 48068 na wa kushoto 48069. Ukimtajia muuza duka hizo namba hata namna anavyokujibu inabadilika, hakuletei tena ya kukisia. Feki zipo nyingi, mi naangalia raba nikiibonyeza na kucha irudi haraka, mpasuko uwe umekatwa safi, na ndani pasiwe na mabaki ya raba yaliyochomoza. Na za mtumba sinunui kabisa kwenye raba. Mkono wa chuma wa mtumba sawa, raba iliyozeeka Japani alafu ikakaa juani Ilala unaitaka ya nini?

Siku ya kazi, kitu cha kwanza ni usalama, na hapa sina utani. Jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kushikilia. Tumia stendi za chuma, na usiweke tofali za bloku, zile hazikupi taarifa, zinapasuka ghafla na wewe uko chini. Kwetu ardhi ni kichanga kwahiyo niliweka vipande vya mbao nene chini ya jeki na chini ya stendi, bila hivyo inazama upande mmoja gari inaegemea. Gia kwenye P, vigingi mbele na nyuma ya tairi za nyuma, alafu kabla hujaingia itikise gari kwa nguvu, kama itaanguka ianguke ukiwa nje.

Nyanyua mbele yote, tairi zote mbili ziwe hewani. Watu wananyanyua upande mmoja kwa uvivu, alafu wanashangaa bolti haitoki au ikitoka kibano kinaruka. Stebilaiza kazi yake ni kuunganisha tairi ya kulia na ya kushoto, ukinyanyua moja unakuwa umeunyonga ule mti na una nguvu kama springi. Zikiwa zote juu sawa mti unalegea, unausogeza na mkono.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilishazipulizia bolti dawa ya kutu, kwenye bolti tu, raba nilizifunika na nailoni. Ukikuta kava la chini bado lipo toa, ingawa gari nyingi za hapa mjini limeshang'olewa zamani. Piga picha na simu kabla hujagusa kitu: mpasuko wa raba unatazama wapi, kibano kimekaaje, raba iko upande gani wa ile alama au pete kwenye mti. Rudisha hivyohivyo. Alafu usifungue bolti moja mpaka mwisho, legeza zote mbili taratibu kwa kupokezana.

Raba za zamani zilitoka na unga wa vumbi mwekundu ndani yake, na mti pale chini umeshika kutu ya ngozi. Sehemu hii ndo niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote na naona ndo iliyoleta tofauti. Nikausugua mti na msasa laini mpaka ukawa laini mkononi, nikaufuta na kitambaa chenye spiriti, nikauacha ukauke. Ukiweka raba mpya juu ya kutu umeweka raba juu ya msasa, itanyamaza kidogo alafu utarudi kulekule chini. Na kama mti umeliwa mpaka una shimo unalolisikia kwa kidole, bushi mpya haitashika vizuri, hapo utafute mti mwingine.

Ndani ya raba nikapaka grisi ya silikoni, kidogo tu utando mwembamba. Hii haili raba, na inapatikana kwenye maduka ya spea na hata kwa wanaouza vitu vya mabomba, ila soma kopo uhakikishe ni silikoni kweli maana rangi nyeupe sio ushahidi. Ukikosa, maji ya sabuni yanatosha kuiingizia mahali pake. Nikarudisha vibano, nikakaza kwa kupokezana, kazi ikaisha kabla jua halijawa kali.

Ila nikiwa hukohuko chini na tochi nikaona raba ya tenshoni rodi ya kulia, ile fimbo inayotoka kwenye mkono wa chini kwenda mbele, imechanika karibu mzunguko wote. Kwahiyo yule fundi wa mwanzo hakukosea kila kitu, mbele kweli kulikuwa na tatizo jingine, ila hakulitaja na wala silo lililokuwa linalia. Hii niliihisi kwenye breki, usukani ulikuwa unatetemeka nikishika breki nikiwa spidi na nilikuwa nalaumu disiki. Kuifungua nilifungua mwenyewe, kuitoa raba kwenye chuma nikampelekea dogo mmoja mwenye mashine ya presi. Hilo nililomwambia ni moja tu, achore alama ya rangi kabla hajaitoa, maana bushi nyingi za hivi zina matundu ndani ya raba na yana upande wake, ukiiweka imezunguka robo tu inakuwa ngumu pale inapotakiwa iwe laini. Kupiga na nyundo barazani inawezekana, nimeona watu wanafanya, ila bomba la nje likipinda kidogo tu bushi mpya imekufa kabla haijatembea.

Kuifunga sasa, hapa ndo pana jambo ambalo hata gereji wengi wanaliruka. Kumbuka nilisema bushi iliyogandishwa haitelezi, inajinyonga. Ukikaza bolti gari ikiwa hewani tairi zinaning'inia, umeilaza raba kwenye mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari inajinyonga moja kwa moja, yaani imesimama tu inateseka, na kwenye shimo inanyongwa zaidi. Ndo maana mtu anabadilisha bushi mpya orijino inachanika mapema alafu anasema spea mbovu. Weka bolti, kaza kidogo isianguke, shusha gari ikae kwa uzito wake tairi zikiwa juu ya mbao nene ili upate nafasi ya kuingiza mkono, isukume juu chini ikae vizuri, ndo ukaze mpaka mwisho. Nati za tairi za Toyota hizi ni 103 Nm, kaza kwa nyota kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kama unayo, na uzirudie baada ya kutembea kidogo. Baada ya kugusa mkono au tenshoni rodi peleka alaimenti, wakapange tairi zikae sawa. Kwa bushi za stebilaiza peke yake hakuna haja, ukiambiwa lazima jua unauziwa.

Kuna rafiki zangu wananishawishi niweke zile bushi za rangi, nyekundu au njano, za polyurethane. Zinadumu na gari inakaa imara kwenye kona, hilo kweli, ila ni ngumu na zenyewe lazima zipakwe grisi yake mara kwa mara, zikikauka zinalia kuliko raba. Kwa mtu wa Goba mwenye vumbi hili naona ni kujitafutia kelele ya kulipia.

Mbele imenyamaza, na sasa ndo nasikia nyuma. Kumbe muda wote kulikuwa na nyingine huko ila ilikuwa imefunikwa na kelele ya mbele. Nimeshaanza na chupa ya maji, mpaka sasa naona ni mmoja wa mikono ya juu ya kushoto, na nyuma kwa GX110 mikono ni mingi kila tairi kwahiyo sitaki kuifungua mmoja mmoja. Nakusanya bushi zote kwanza kwa namba ya chesisi, zikikamilika natoa mikono ya pande zote mbili kwa mpigo nampelekea yule dogo wa presi, na bolti zote nitazikaza gari ikiwa chini.